UFUGAJI: Mbinu za kuzuia kware kumwaga chakula na kuchafua maji

KWARE ni ndege mdogo anayeenea katika kiganja cha mkono, lakini uwezo wake wa kuchafua kizimba humshangaza kila anayeanza kumfuga. Chakula kilichowekwa alfajiri huwa kimetapakaa sakafuni kabla ya adhuhuri, nayo maji yaliyokuwa maangavu huwa yamegeuka uji wa kijivu wenye maranda, manyoya na kinyesi.

Wafugaji wengi hulichukulia jambo hilo kama kero ya usafi tu, wakaongeza bidii ya kufagia na kuosha. Bidii hiyo si mbaya, ila aghalabu huelekezwa mahali pasipofaa. Ndege huyu humwaga kwa maumbile yake, na mfugaji anayetegemea ufagio pekee atakuwa akifagia siku zote. Dawa ya kwanza imo katika umbo la chombo, kimo chake na mahali kinapowekwa.

Kware si mgeni nchini. Katika maeneo ya magharibi mwa Kenya, Waluo humwita aluru nao Waluhya humwita isindu, na tangu jadi wenyeji wamekuwa wakiwatega kware wa mwituni kwa kutumia ndume waliofugwa katika vitundu vya kusukwa na kuning'inizwa juu ya mlingoti ili sauti zao ziwavute wenzao. Kware anayefugwa kwa mayai siku hizi ni wa jamii nyingine, yule wa Kijapani, na ndiye aliyezua msisimko mkubwa humu nchini mwaka wa 2013. Watu walimiminika katika afisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kutafuta vibali, vizimba vikajengwa hadi katika roshani za nyumba za kupanga, na kufikia mwaka wa 2014 soko lilikuwa limefurika na bei ya mayai kuporomoka.

Waliosalia katika shughuli hiyo, pamoja na wale wanaofuga ndege watano au kumi kwa mapenzi tu, hawana tena bei nono ya kuwafidia hasara ndogondogo. Kwao kila gramu ya chakula ina uzito.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kware mkomavu hula gramu 20 hadi 25 za chakula kwa siku. Ndege 100 basi watahitaji takriban kilo 2 na nusu. Tuseme sehemu moja kwa tano ya chakula hicho inaishia sakafuni. Hiyo ni nusu kilo kila siku, kilo 15 kwa mwezi, na zaidi ya kilo 180 kwa mwaka. Mfugaji huyo amenunua magunia matatu na ushei ya chakula, ya kilo 50 kila moja, akawalisha panya na shomoro.

Ili kuelewa namna ya kuzuia hasara hii, yafaa kwanza kumtazama ndege mwenyewe anapokula. Kware hapekui kwa miguu tu kama kuku. Hutumbukiza mdomo katika chakula na kuutikisa upande mmoja kisha wa pili, akitafuta punje kubwa. Unga na chembe ndogo hurushwa kando. Chakula kingi kinachouzwa nchini kwa ajili ya ndege wa aina hii huwa kimetengenezewa vifaranga wa kuku, na kama kimesagwa ovyo, chembe kubwa zikachanganyika na vumbi, kware huchambua bila kuchoka.

Isitoshe, kware hupenda mno kuoga vumbi. Asipopewa mchanga wa kuogea, chakula cha unga kilichomo katika sahani pana ndicho kitakachokuwa mchanga wake. Atajilaza ndani, ajipigepige mabawa, na kabla ya kutoka ataacha kinyesi humo humo. Beseni dogo la mchanga mkavu au jivu lililopoa, likiwekwa kizimbani kwa nusu saa hivi kisha likatolewa, huokoa chakula kingi kuliko watu wanavyodhani.

Kosa la kwanza katika vyombo vya kulia, basi, ni matumizi ya sahani au kifuniko cha mkebe kilicho wazi. Ndege hukanyaga, hupindua na kulala ndani. Kihori chembamba na kirefu kinafaa zaidi, hasa kikiangikwa nje ya kizimba ili ndege atoe kichwa tu kati ya nyaya zilizoachana kwa inchi moja hivi. Ukingo wa kihori uwe umekunjwa kuelekea ndani. Mkunjo huo, hata ukiwa wa sentimita moja tu, huurudisha chini unga unaorushwa na mdomo. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, huweza kuukunja kwa dakika chache iwapo mteja atawaeleza anachotaka.

Kimo nacho ni muhimu. Ukingo wa kihori unapaswa kulingana na mgongo wa ndege aliyesimama. Ukiwa chini ya hapo, ndege huingiza miguu. Ukiwa juu mno, wale wadogo hukosa kufikia na hubaki na njaa. Kwa kuwa kware hukua haraka ajabu na huanza kutaga wakiwa na umri wa wiki sita hadi saba, kimo kilichofaa Jumatatu hii huenda kisifae baada ya wiki mbili.

Baada ya hapo kuna suala la kujaza. Mfugaji mwenye shughuli nyingi hupenda kujaza kihori pomoni ili asirudi hadi jioni. Huko ni kujipunja. Kihori kikijazwa hadi theluthi moja au kwa wingi nusu, chakula kinachorushwa hugonga ukuta wa ndani na kuanguka papo hapo. Ni afadhali kuongeza mara mbili kwa siku kuliko kujaza mara moja na kufagia jioni.

Mbinu nyingine isiyogharimu pesa nyingi ni kulaza kipande cha wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi juu ya chakula. Wavu huo ukatwe uwe mdogo kidogo kuliko kihori ili ushuke pamoja na chakula kinavyopungua, na ncha zake zikunjwe zisije zikamchoma ndege. Mdomo hupenya na kudonoa, lakini hauwezi kutikisika upande kwa upande. Mfugaji anayetaka kuona tofauti anaweza kutandaza gunia safi chini ya kizimba siku moja bila wavu na siku ya pili akiwa ameuweka, kisha apime kilichoanguka. Mizani ya jikoni itampa jibu bila ubishi.

Kwa ndege wachache wa nyumbani, mkebe wa plastiki wa lita mbili wenye kifuniko hutosha. Hutobolewa matundu ya duara ubavuni, yenye upana wa sentimita 4 hivi, na ndani hujazwa chakula kisichofikia ukingo wa chini wa matundu hayo. Kware huingiza kichwa, akala, akakitoa, na kila anachorusha hubaki ndani. Kingo za matundu zisuguliwe kwa msasa zisikwaruze shingo. Chombo hiki kisitumiwe kwa vifaranga, maadamu wao hupenya mzima mzima na kunaswa ndani.

Wako wanaopendekeza kukilowesha chakula kidogo kwa maji ili kisirushwe. Ni kweli hakirushwi, lakini katika joto la Kisumu au Mombasa chakula hicho huanza kuchacha baada ya saa chache. Njia hiyo inamfaa tu mtu anayeweza kuondoa mabaki yote baada ya saa moja au mbili na kuosha chombo. Kwa anayeondoka nyumbani asubuhi na kurejea jioni, ni mtego.

Upande wa maji ndio wenye hatari kubwa zaidi, na ndio usioeleweka vyema. Chombo kinachotumiwa na wengi ni kile cha kopo au chupa iliyofudikizwa juu ya kisahani. Maji hutoka kupitia kitundu kilicho karibu na kisahani, kisha husimama yenyewe punde yanapokifunika kitundu hicho, kwa sababu hewa haiwezi tena kuingia ndani kuchukua nafasi ya maji yanayotoka. Ndege anapokunywa kina hushuka, kitundu hufunuka, kiputo cha hewa huingia na maji kidogo hutoka. Hakuna vali wala umeme.

Chombo hicho kinapovuja, wenye nacho hukilaumu na kukitupa, ilhali sababu huwa ni moja kati ya chache zinazojulikana. Huenda kitundu kimetobolewa juu kuliko ukingo wa kisahani, na hapo maji yatafurika daima kabla ya kukifikia. Huenda chombo kimewekwa mahali palipoinama. Huenda chupa ina ufa mdogo sehemu ya juu, hewa ikaingilia huko na maji yakamwagika yote kwa mara moja.

Sababu ya nne huwapiga wengi chenga. Chupa iliyobaki na maji nusu ikipigwa na jua, hewa iliyonaswa ndani hupata joto na kupanuka, ikayasukuma maji nje. Kisahani hufurika ingawa hakuna ndege aliyekigusa. Mfugaji anayekuta maranda yamelowa kila alasiri, hali asubuhi yalikuwa makavu, na achunguze kama jua la mchana linaangukia chombo cha maji. Kukihamishia kivulini kutamaliza tatizo, na maji nayo yatakaa baridi.

Chombo cha maji kisikae juu ya maranda moja kwa moja. Kiinuliwe juu ya tofali au kibao, nacho kibao kiwe juu ya sinia yenye wavu, ili matone yanayodondoka kutoka mdomoni mwa ndege yaingie katika sinia badala ya kulowesha sakafu. Vile vile kiwekwe mbali na kihori. Kware mwenye unga mdomoni hukimbilia maji na kuuosha humo. Vyombo viwili vikiwa ubavu kwa ubavu, maji hugeuka uji baada ya saa moja. Katika kizimba cha wakubwa, kimoja kikae upande huu na cha pili upande wa pili.

Vali ndogo za kudondosha maji, zinazofungwa kwenye bomba lililounganishwa na ndoo, ndizo safi kuliko vyombo vyote kwa sababu hakuna maji yaliyo wazi ya kuchafuliwa. Kware hudonoa ncha ya vali na tone hushuka. Vali hizo ziwe juu kidogo ya kichwa ili ndege anyooshe shingo kunywa, na ndoo isiinuliwe juu kupita kiasi, kwani nguvu ya maji ikizidi vali hudondosha hata pasipoguswa. Vali moja moja iguswe kwa kidole kila siku kuhakikisha haijaziba. Ndege wanaozoezwa waachiwe chombo chao cha zamani kwa siku kadhaa, maana kware asiyekunywa siku nzima ya jua kali yumo hatarini.

Vifaranga ni kisa kingine. Kifaranga wa kware huanguliwa baada ya siku 17 au 18 akiwa na uzito wa gramu 7 au 8 tu, na kisahani cha maji ambacho kifaranga wa kuku angevuka kwa miguu humtosha huyu kuzama. Hata asipozama, akilowa hupoteza joto na kufa kwa baridi karibu na taa aliyowashiwa. Kwa sababu hiyo, kisahani cha vifaranga hujazwa gololi au kokoto safi, maji yakabaki katika nafasi zilizo katikati yake, kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Gololi hizo nazo hushika utelezi na zinahitaji kuoshwa kila siku pamoja na kisahani.

Chakula cha siku za mwanzo huchekechwa kwa chekecheo la jikoni na kunyunyizwa juu ya kitambaa au karatasi yenye mikwaruzo. Karatasi ya gazeti, pamoja na sifa zake nyingine, huteleza, na miguu ya vifaranga hutanuka isirudi.

Yote haya yangekuwa suala la pesa na harufu tu lau si maradhi. Ugonjwa unaohofiwa zaidi ni ule wa vidonda vya utumbo, uitwao pia ugonjwa wa kware kwa kuwa ulitambuliwa kwanza katika ndege hao. Husababishwa na bakteria aina ya Clostridium colinum, anayetoka katika kinyesi cha ndege mgonjwa na kumwingia mwenzake kupitia chakula na maji. Kware wachanga wanaweza kuangamia wote katika muda wa siku chache, na baadhi hufa wakiwa wanene, wenye chakula tumboni, bila ya kuonyesha dalili yoyote. Bakteria huyo hujifunika ganda linalomwezesha kustahimili dawa nyingi za kusafishia na kukaa sakafuni muda mrefu. Ndege aliyepona naye anaweza kuendelea kuambukiza wengine.

Ugonjwa wa kuhara unaoletwa na vimelea vya koksidia nao hutegemea unyevu. Mayai ya vimelea hao yanapotoka na kinyesi huwa hayajakomaa. Yanahitaji joto, hewa na unyevunyevu kwa siku moja au mbili ndipo yaweze kuambukiza. Maranda makavu hukatiza safari hiyo. Maranda yaliyolowa chini ya chombo kinachovuja huiharakisha, na juu ya hayo hutoa hewa kali ya amonia inayochoma macho na mapafu ya ndege.

Kisha kuna kuvu. Chakula kilichorowa na kugandamana pembeni mwa kihori huota ukungu, na baadhi ya aina za kuvu hutengeneza sumu ya aflatoksini. Wakenya hawahitaji kukumbushwa sana kuhusu sumu hiyo, kwani mwaka wa 2004 mahindi yaliyooza yaliua watu 125, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Ndege nao hudhurika. Donge lenye ukungu halikaushwi likarudishwa. Hutupwa mbali, mahali ambapo kuku wa jirani hatalifikia.

Kwa upande wa kuosha, maji yaliyo wazi yabadilishwe angalau mara mbili kwa siku na chombo kisuguliwe mara moja. Kubadilisha maji bila kusugua hakutoshi. Anayepitisha kidole ndani ya chombo na kuhisi utelezi amegusa utando wa bakteria, ambao hauondoki kwa kusuuza. Unahitaji brashi na sabuni.

Dawa ya klorini, maarufu kama jiki, hufuata baada ya sabuni. Ikimiminwa juu ya uchafu hupoteza nguvu zake kwa uchafu huo na kuviacha viini vikiwa hai. Kijiko kikubwa kimoja katika lita 4 za maji hutosha kwa chombo kilichokwisha kuoshwa. Kilowekwe kwa dakika kumi, kisuuzwe vizuri na kuanikwa juani. Anayetumia siki kuondoa magadi yanayoachwa na maji ya kisima aisuuze kabisa kwanza, kwa kuwa siki na jiki zikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayoweza kumdhuru mtu. Palipozuka ugonjwa, daktari wa mifugo ndiye wa kueleza dawa na kipimo.

Njia iliyo rahisi kwa mtu mwenye kazi nyingine ni kununua vyombo jozi mbili. Jozi moja huwa kizimbani, ya pili huwa juani ikikauka hadi kesho yake. Kihori kisijazwe chakula kabla ya kukauka kabisa, na chakula kipya kisimwagwe juu ya kilichobaki, maana vumbi la chini hukaa humo wiki nzima bila kuliwa na huko ndiko ukungu huanzia. Waachiwe walimalize hadi chini mara moja kwa siku, ndipo waongezwe.

Katika mitaa ambako maji huja kwa mgao au hununuliwa kwa mitungi, utaratibu huu unaweza kuonekana kama anasa. Kwa hakika chombo kisichovuja hupunguza matumizi. Kware hunywa takriban maradufu ya uzito wa chakula anachokula, yaani kama mililita 50 kwa siku, hivyo ndege 20 hawahitaji zaidi ya lita moja hivi wakati usio wa joto kali. Nyumba inayojaza lita tatu kwa ndege hao kila siku inamwaga mbili, na zote zinaingia sakafuni.

Vyombo vya ndege visioshwe katika sinki la jikoni, kwani kinyesi cha kware kinaweza kubeba salmonela. Ndoo moja na brashi moja vitengwe kwa kazi hiyo, na watoto waliosaidia wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Maranda machafu na chakula kilichoanguka vifukiwe au virundikwe vioze kwa miezi kadhaa kabla ya kutiwa shambani, na rundo hilo lifunikwe ili panya wasilichakure usiku.